Safari Hupangwa Kuanzia Kurudi

Sisi wakazi wa Likombe, Mtwara, tuliozoea barabara na bodaboda, tukipanga kwenda kutembea kisiwani huanza na tarehe. Tunatazama Jumamosi ipi ina nafasi, nani yuko likizo, kila mtu achange ngapi, kisha ndipo tunamtafuta mwenye chombo. Nahodha huanzia upande wa pili. Mwambie unataka kuipeleka familia kwenye visiwa vya Ghuba ya Mnazi, Namponda au Mongo, naye atakuuliza kwanza: mnataka kurudi saa ngapi? Ukishamjibu, atahesabu kinyumenyume mpaka aifikie saa ya kung'oa nanga.

Ufundi huu haupewi sifa unazostahili. Fundi aliyeunda mashua anasifiwa, na mvuvi aliyerudi na nguru anapokewa kwa vigelegele. Lakini aliyekaa barazani akaipanga safari, watu wakaenda na wakarudi salama, hatajwi na yeyote. Kazi yake ikifanyika vizuri haiachi kisa cha kusimulia.

Mtazame anavyopanga. Kidole gumba kinapita juu ya pingili za vidole vingine, kimoja baada ya kingine: anahesabu siku tangu mwezi ulipoandama. Mwezi mchanga na mwezi mpevu ndizo siku za bamvua. Siku hizo maji katika pwani yetu hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne na kupwa saa kumi. Hayo tena ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi anayetaka kuondoka saa nne asubuhi siku ya bamvua ataikuta mashua imelalia ubavu juu ya mchanga, na kina mama wako mwambani wanachokoa pweza. Akija juma moja baadaye, saa ileile, ataikuta inaelea.

Siku hizi wengi wana mashine, na wapo wanaodhani mashine imemaliza hesabu. Mashine inapunguza kazi ya tanga, lakini haiongezi maji juu ya fungu.

Mwezi peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote, lakini upepo hauifuati. Kwa hiyo wanamaji wa zamani walishika hesabu nyingine, ya siku 365 kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, wakiigawa kwa makumi waliyoyaita miongo. Makunduchi, Unguja, bado wanaufungua mwaka huo kila Julai kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Julfar katika Ghuba ya Uajemi, aliyeandika Kitab al-Fawa'id mnamo 1490, naye alizitaja siku za kutweka tanga kwa hesabu ya Nairuzi. Mzee anayehesabu vidole Mtwara ana ukoo mrefu wa elimu nyuma yake.

Kutoka Mtwara, Ghuba ya Mnazi iko kusini-mashariki. Upepo wa kusi ukishika, Juni hadi Agosti, kwenda ni kupiga mbisho na kurudi ni upepo wa mgongoni. Nahodha hodari huondoka mapema, umande ungali unavuma kutoka bara, afike kabla kusi haijapata nguvu. Kisha hupanga mzigo: madumu ya maji ya kunywa chini kabisa, yafanye kazi ya farumi, watoto katikati, maboya ya kujiokolea mahali mkono unapofika. Na kwa kuwa visiwa vile vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, atakukumbusha na kiingilio.

Lakini kilele cha ufundi huu ni kukataa. Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilipotangaza kwamba kimbunga Kenneth kinakuja, Mtwara ilifunga shule na ofisi, na watu wa mabondeni wakatakiwa kuhamia mahali pa juu. Tarehe 25 kimbunga kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikabomoa na kuua. Wapo waliosema kwetu tulitishwa bure. Mwanamaji hasemi hivyo, kwani kwake siku ya kubaki nchi kavu ni sehemu ya safari. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Asiyeyajua marejeo yake hajapanga kitu.

Basi ndugu msomaji, likizo ikifika usianze na nauli. Muulize nahodha maji yatajaa saa ngapi na mtarudi kwa upepo gani. Akitafakari, akahesabu vidole, akakwambia hapana, ahirisheni hadi wiki ijayo, mwongezee hata pesa ya chai. Akikujibu papo hapo, "Twendeni tu, Mungu yupo," mwage kwa heshima na utafute mwingine.