Kitendawili na Ngano: Habari ya Mpelelezi Columbo

Mara nyingi tumewasikia watu wazima, na hata waalimu wenzetu, wakiilaumu michezo ya televisheni kwa neno moja: "Ni yale yale." Husema kwamba ukiisha kutazama mmoja umeitazama yote, mtu atauawa, mpelelezi atakuja na kuuliza, na mwisho mwovu atakamatwa. Lawama hii si ya uongo, lakini twaona haikufika mwisho wake. Kama ni yale yale, mbona watu hukaa wakatazama tena? Twataka kulijibu swali hilo kwa kuupima mchezo mmoja tu, nao ni ule wa Marekani uitwao Columbo.

Kwanza yafaa tuikumbuke desturi ya hadithi za upelelezi. Mwanzoni maiti huonekana, wala aliyeua hajulikani. Wapo watu watano au sita wanaodhaniwa, na kila mmoja ana sababu ya kumchukia marehemu. Mpelelezi hukusanya dalili moja moja, na mwisho huwakusanya wote akamtaja mwuaji. Hadithi ya namna hii ni ndugu ya kitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" nasi huitika, "Tega!" kisha huumiza vichwa mpaka jibu lipatikane. Lakini jibu likiisha kutolewa, utamu umekwisha. Hakuna mtu awategeaye watu wale wale kitendawili kile kile mara mbili.

Waandishi wawili wa Marekani, Richard Levinson na William Link, waliigeuza desturi hiyo juu chini. Mpelelezi wao alionekana katika televisheni mara ya kwanza mwaka 1960, kisha jukwaani mwaka 1962. Mwaka 1968 Peter Falk akaichukua kazi ya kumwigiza, na tangu mwaka 1971 michezo ikafuatana hata 1978. Ikarudi tena mwaka 1989, wa mwisho ukaonyeshwa mwaka 2003. Karibu katika yote, mtazamaji huonyeshwa mwuaji tangu mwanzo. Humwona akipanga, akiua, akificha. Luteni Columbo huja baadaye, nasi tumekwisha kujua yote. Jambo hili halikuanza kwao, Mwingereza R. Austin Freeman aliandika hadithi za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1912. Lakini hao wawili ndio walioliingiza katika nyumba za watu wengi.

Basi swali si tena "Ni nani?" bali ni "Atanaswaje?" Hapo ndipo hadithi inapoacha kuwa kitendawili na kuwa ngano. Watoto wetu wajua tangu neno la kwanza kwamba Sungura atamshinda Fisi, na hata hivyo huomba waambiwe tena. Hawangojei habari mpya. Wangojea kuona jinsi Fisi atakavyouvuta mtego kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mtu aking'oa nguzo moja ya nyumba, sharti asimamishe nyingine, ama sivyo paa litamwangukia. Levinson na Link waliiondoa kanuni ya kumficha mwuaji, wakaweka kanuni nyingine zilizo kali vile vile. Mwuaji huwa mtu mkubwa: tajiri, msomi, mganga, au mwenye jina. Columbo naye huja na koti la mvua lililokunjamana, sigara nene mkononi, na gari kuukuu. Humtaja mkewe kila mara, wala sisi hatumwoni mke huyo. Huuliza maswali ya kipumbavu, huaga, hufika mlangoni. Kisha hugeuka, maana amesahau neno moja dogo.

Mtu aweza kudhani hayo ni mapambo tu. Sivyo. Kila moja lina kazi yake. Koti lile humfanya mwuaji amdharau Luteni. Na mwenye kudharau hupenda kueleza, kwa kuwa haogopi. Columbo akisema kwamba haelewi, yule mkubwa humfundisha, na katika kumfundisha hutoa ushahidi. Wahenga walisema, "Mdomo huponza kichwa." Na ule mlango? Sisi twajua kwamba Luteni atageuka, mwuaji hajui. Hushusha pumzi kabla ya wakati, nasi twacheka. Jambo likirudiwa hivyo, si uvivu wa mwandishi, bali ni ahadi anayoitimiza.

Tutoe mfano. Mwaka 1971 kijana aitwaye Steven Spielberg, aliyepata sifa kubwa baadaye, aliuongoza mchezo wa waandishi wawili wa hadithi za upelelezi. Mmoja ndiye aandikaye kweli. Wa pili, Ken Franklin, hujua kusema na kujivuna tu. Mwenzake ataka kumwacha. Franklin ampeleka mbali, kwenye nyumba yake ya mapumziko, amwambia ampigie mkewe simu na kusema yuko ofisini, kisha ampiga risasi angali akizungumza. Mwanamke mmoja mwenye duka alikuwa amewaona. Adai fedha, naye auawa. Columbo apima mauaji hayo mawili, aona la kwanza ni la akili sana na la pili ni la ovyo. Katika karatasi za marehemu aona mpango wa mauaji ya namna ile ile, umeandikwa kwa ajili ya hadithi. Ndipo Franklin ashindwa kuvumilia: wazo lile, asema, lilikuwa lake mwenyewe! Majivuno ya mtunzi yazidi hofu ya mwuaji.

Michezo michache ilijaribu kuziacha kanuni hizi. Mmoja wa mwaka 1976 ulimficha mwuaji kama kitendawili cha kale; mwingine wa mwaka 1992 haukuwa na fumbo la mauaji kabisa, bali habari za bibi arusi aliyeibwa. Kwa maoni yetu yote miwili ni dhaifu. Nguzo ziling'olewa, wala nyingine hazikuwekwa.

Baada ya kuusifu mchezo huu, hatuna budi kusema na hatari yake. Columbo humwandama mshukiwa wake asubuhi na jioni, humsumbua nyumbani kwake na kazini, nasi twafurahi. Kwa nini twafurahi? Kwa sababu tuliona kwa macho yetu damu ikimwagika. Lakini askari wa kweli hakuona, wala mzee wa baraza hakuona, wala sisi majirani. Mtu akiandamwa hivyo katika maisha ya kweli, huenda ikawa hana kosa lolote.

Tumeona katika shule moja fedha za mtoto zilipopotea. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa "wanajua" mwizi ni nani: mtoto mmoja maskini, mnyamavu. Kila alilojibu likawa dalili. Akinyamaza, ni hatia. Akilia, ni hila. Siku ya tatu fedha zikaonekana ndani ya kitabu cha yule yule aliyezipoteza. Nasi waalimu, twakiri kwa haya, tulikuwa tumemwuliza mtoto yule maswali kama ya Columbo, bila kuwa tumeona alichokiona mtazamaji wa Columbo.

Kwa hiyo twasema hivi. Desturi za hadithi zisidharauliwe, kwa kuwa ndizo zinazomfundisha mtazamaji namna ya kukaa mbele ya jambo. Kitendawili humfundisha kushuku neno lake mwenyewe. Ngano humfundisha kufurahi haki ikitimia. Vyote viwili ni vyema, kila kimoja mahali pake. Mkitazama pamoja na watoto wenu, waulizeni: "Mpelelezi huyu ajua nini, nasi twajua nini kuliko yeye?" Mtoto awezaye kujibu swali hilo hatakuwa mwepesi wa kumwita jirani yake mwizi.