Aikoni Sita za Saiba ya Wote

Katika saiba moja mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, kuna mhudumu ambaye ustadi wake unauona kabla hajabonyeza chochote. Tazama chini kabisa ya skrini yake, kwenye ule ukanda wa aikoni za kufungulia programu. Wengi wetu huuacha vile ulivyokuja na kompyuta: michezo tusiyoicheza, habari za hali ya hewa, na Word imejibanza mwishoni. Wake una aikoni sita tu, na kila moja ina sababu ya kukaa pale ilipo.

Ya kwanza ni Chrome. Ya pili ni Word. Ya tatu ni folda inayopokea karatasi kutoka kwa skana, na ya nne ni WhatsApp, maana wateja siku hizi hutuma kwa njia hiyo mafaili wanayotaka kuchapishiwa. Hizo nne hazihami. Ya tano na ya sita hufuata msimu. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, inapokaribia, nafasi ya tano ni ya iTax. KUCCPS ikifungua mfumo wa kuchagua kozi, iTax hupisha. Ya sita mara nyingi ni eCitizen. Tovuti hizo amezitengenezea njia za mkato ndani ya Chrome, kila moja ikawa na dirisha lake na aikoni yake, kisha akazibandika kwenye ukanda. Ni kama mwenye duka anayejua ni mwezi gani wa kusogeza madaftari ya shule karibu na mkono, ila sukari haiguswi mahali pake.

Faida ya kutohamisha zile nne iko kwenye vidole. Tangu Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, ukishikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza 2, hufunguka programu iliyo katika nafasi ya pili ya ukanda. Nimemwona akimpokea mama mzee aliyekuja na barua ya kuomba basari, imeandikwa kwa mkono pande zote mbili. "Karibu susu, keti hapa," alisema, mkono wa kulia ukipokea ile karatasi, macho yakiwa kwa mgeni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshafungua Word.

Anayetumia kipanya naye hakusahauliwa. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kwenye kompyuta, ukingo wa skrini una upendeleo wa pekee: kishale hakiwezi kuupita. Ukikisukuma chini kwa nguvu kitasimama hapo hapo, hata kama hukulenga vizuri. Na ukanda huu umedumu ukingoni tangu Windows 95.

Kisha ikaja Windows 11, mwaka 2021, na aikoni zikasogezwa katikati. Zinapendeza machoni, lakini ukifungua programu ambayo haikubandikwa, safu nzima husogea kidogo ili ibaki katikati, na kile ulichokizoea kinakukwepa. Kompyuta mpya inapoletwa, mhudumu wetu huanzia hapo: huingia kwenye mipangilio na kurudisha safu upande wa kushoto, ambako mwanzo wake hautikisiki.

Jambo jingine alilolipigania ni majina. Windows 11 ilipotoka, madirisha yote ya Word yalikusanywa chini ya aikoni moja, na hukuwa na chaguo la kuyatenganisha hadi masasisho ya mwaka 2023. Kwa mtu wa nyumbani huo ni usumbufu mdogo. Kwa saiba ni hatari, kwa sababu watu watatu wameketi kwenye benchi, kila mmoja na wasifu wake wa kuombea kazi, na ndani ya kila wasifu mna nambari ya kitambulisho na ya simu. Sasa kila dirisha linasimama peke yake kwenye ukanda na jina la faili likisomeka, naye huyapa mafaili majina ya wenyewe kabla hajaandika neno la kwanza. Kwangu mimi hapa ndipo ufundi wake unapofikia kilele: ameupanga ukanda kwa ajili ya heshima ya wateja, wala si kwa haraka yake tu.

Mjini Kitui nimeona mpango tofauti. Huko kuna saiba yenye laptopu za mtumba zinazotumia Ubuntu, ambayo tangu mwaka 2011 huweka ukanda wake wima upande wa kushoto. Skrini zile zina pikseli 1366 kwa 768. Upana upo wa kutosha, kimo ndicho haba, na ukanda wa chini ungekula mstari mmoja au miwili ya kila barua inayochapwa. Njia ya kufungua kwa nambari iko vilevile, kwa kitufe kile kile. Kwa skrini fupi kama hizo naupendelea mpango wa Kitui. Windows 11 ilipotoka haikumruhusu mtu kuuhamishia ukanda pembeni, na hilo naliona ni upungufu mkubwa kwa wenye mashine za namna hii.