Hushika kwa Mbavu

Kilichonipeleka kwa fundi ni sauti. Skuta haikuwa imeharibika. Iliwaka kwa kubonyeza mara moja, taa zake zote zilifanya kazi, na kila asubuhi ilinifikisha shuleni. Ila nikipanda kutoka upande wa Kisii mjini kuja Keumbu, injini ilianza kupiga kelele kama mama mwenye deni lisilolipwa, huku mshale wa mwendo ukigoma palepale kwenye 45. Mwaka mmoja kabla, mlima huohuo niliupanda kwa 60 bila kulazimisha. Sasa vijana wa bodaboda walinipita wakiwa na abiria wawili na mkungu wa ndizi juu ya tangi, wengine wakinipigia honi ya pole.

Skuta si chombo cha huku. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea ushuru wa VAT pikipiki ndogo, milima ya Gusii ni ya bodaboda, na bodaboda huendeshwa kwa cheni. Cheni hufa hadharani. Inalegea na kugonga chuma, mate ya grisi yanaruka kwenye suruali ya abiria, na mwenye macho anaiona. Anayetaka hakika huchukua rula: pingili 20 za cheni ya 428 ikiwa mpya zina urefu wa milimita 254, na zikifika 259 hivi cheni hiyo imemaliza kazi yake. Mkanda wa skuta, au belti kama wanavyouita mafundi, hufa sirini, ndani ya kava la kushoto, gizani. Usiku mmoja jijini Nairobi mkanda wangu wa kwanza, niliouziwa kama mpya, ulikatika bila kuaga. Nilisukuma skuta hadi nyumbani nikiwa na koti la mvua na hasira.

Kwa hiyo safari hii niliamka mapema. Lakini nani Keumbu ajuaye skuta? Vijana waliokaa karibu na soko walicheka, kisha mmoja akanielekeza gereji ndogo ya mabati. "Nenda kwa mzee. Yeye anajua vitu vya belti."

Mzee hakuwahi kumiliki skuta. Alijifunza mikanda kwenye visiagi, zile mashine za kusaga mahindi na wimbi, alikoanza kazi akiwa kijana wa kufagia unga sakafuni. Nikamwamkia, akaitikia, akanitengea kigoda, na hakugusa spana.

"Mwalimu, panda. Nenda hadi pale kwenye mti, urudi."

Nilikwenda na kurudi. Akaniambia niende tena, safari hii nimbebe kijana wake nyuma. Niliporudi alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza habari za msiba redioni. "Injini ni nzima," akasema. "Nguvu inapotea njiani."

Ndipo akafungua kava. Bolti moja moja, kila moja akiiweka ndani ya kifuniko cha kopo kwa mpangilio alioitoa, kwa sababu nyingine ni ndefu na nyingine fupi, na ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hupasua nyuzi. Kava lilipotoka, vumbi jeusi laini lilimwagika kwenye gunia. Akalichota kwa kidole, akalisugua, akanionyesha. "Hii ndiyo kilomita zako."

Ndani mna puli mbili, moja mbele kwenye injini, nyingine nyuma kuelekea gurudumu, na mkanda wa mpira umezizunguka. Kila puli ni sahani mbili zinazotazamana, zimeinama ndani kama kuta za bonde. Ukivuta mafuta, rola ndogo zilizo nyuma ya puli ya mbele hutupwa nje na mzunguko, zinaisukuma sahani, bonde linabanwa, na mkanda unalazimika kupanda juu. Wakati huohuo puli ya nyuma inafunguka na mkanda unazama. Hivyo ndivyo skuta inavyobadili gia bila ya gia. Wazo hilo lina umri. Mwaka 1917 John Gates wa Denver, Marekani, alileta mkanda wa mpira wenye umbo la V, na mwaka 1958 Waholanzi wa DAF wakaonyesha gari dogo lililotegemea mikanda na puli za namna hii. Inasemekana liliweza kurudi nyuma kwa kasi sawa na ya kwenda mbele, jambo ambalo sijui nani alilihitaji.

Mzee hakuwa na haja ya Waholanzi. Alishika mkanda kati ya vidole viwili na kuniuliza, "Unajua belti inashika wapi?"

Nikasema chini, kwenye shina la puli.

"Hapana. Hushika kwa mbavu. Ikianza kushika kwa tumbo, imekwisha."

Maneno hayo alitoka nayo kwenye kisiagi. Pale, mkanda ukichakaa huwa mwembamba, unazama ndani ya mfereji hadi unagusa sakafu yake, na sakafu ikianza kung'aa fundi anajua mkanda unateleza. Wavivu hupaka sabuni ya mche ili ukae kimya. Unakaa kimya siku mbili, akasema, halafu unaungua, na kina mama wamepanga foleni na madebe ya wimbi. Mashine yenye mikanda mitatu hubadilishwa yote mitatu kwa pamoja, hata kama miwili inaonekana mizima, kwa kuwa ya zamani imerefuka na mzigo wote utaangukia ule mpya. Aligombana na matajiri wengi wa visiagi kwa jambo hilo. Mwenye mali huona mikanda miwili mizuri inatupwa. Mzee anaona mkanda mmoja unaouawa.

Akatoa kipimo cha venia kilichofungwa kwenye kitambaa cha fulana. Upana wa mkanda wangu ulipaswa kuwa milimita 18, na kitabu cha skuta kinasema usishuke chini ya 17. Alipima mahali patatu. 16.6, 16.7, 16.6. Kisha akaukunja kinyumenyume chini ya jua, na kati ya meno ya mkanda nikaona nyufa nyembamba kama mistari ya kiganja. Mbavu zake ziling'aa kama kiatu cha karani.

Nilibisha. Kitabu kinataja kilomita 20,000, na mkanda wangu ulikuwa umekwenda 14,000 na kidogo. Mkanda haukuwa umekatika. Na pesa, kama tujuavyo, hazioti kwenye majani chai.

Mzee hakukasirika. Aliniuliza tu ninapita wapi. Nikamtajia: Keumbu, Kisii, mara nyingine Keroka, wikendi barabara za udongo kwenda kwa shemeji, nyuma yangu mke wangu au gunia la kabichi. Mji wa Kisii umekaa mita 1,700 hivi juu ya bahari na njia ya Keroka inazidi kupanda. Kwenye mlima mkanda hukaa muda mrefu chini kabisa mbele, umekunjwa kwenye duara dogo, mzigo mzito, joto kali, na joto ndilo linaloukausha mpira. Kila kuondoka kwenye matuta ya barabarani ni kuteleza kidogo. Vumbi la kiangazi likiingia huwa msasa. Mtu wa Mombasa anayeteleza tambarare kutoka Nyali hadi mjini anaweza kuzifikisha zile 20,000 akiwa anaimba. "Kitabu hakikuandikwa Keumbu," akasema, akaurudisha mkanda wa zamani ili nirudi nyumbani polepole.

Na ile kasi iliyopotea? Mkanda mwembamba hauwezi tena kufika ukingo wa juu wa puli ya mbele, kwa hiyo skuta haifikii gia yake ya mwisho. Injini inazunguka, inapiga kelele, mwendo haupatikani. Nilikuwa nimeusikia ugonjwa huo kwa miezi nikidhani ni mafuta machafu.

Mkanda mpya ulitoka Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ukaja kwa matatu siku ya pili. Mzee alinawa mikono kwa Omo kabla ya kuugusa, akaifuta puli kwa petroli hadi kitambaa kikatoka cheupe. Akatafuta mshale mdogo uliochapwa mgongoni, akauelekeza upande wa mzunguko. Alibadilisha na rola, kwa kuwa tatu kati ya sita zilikuwa zimepata bapa.

Kisha likaja jambo nililokuja kulipenda kuliko yote. Aliishika puli ya nyuma kwa viganja viwili, akaifungua kwa nguvu, akauzamisha mkanda ndani kabisa, ili mbele ulegee. Usipofanya hivyo, sahani za mbele huubana mkanda wakati wa kukaza nati. Mkono utaapa kuwa nati imekaza, kumbe imekazia mpira, na siku ya tatu inafunguka barabarani. Alikaza, akaizungusha puli kwa mkono taratibu, mara ishirini labda, mpaka mkanda ukapanda wenyewe nyuma na kukaa sawa. Akaupapasa kwa dole gumba ubavu huu, na ubavu ule.

Nilipanda mlima kwa 60. Injini ilinong'ona.

Niliporudi kulipa nilimkuta ameuokota ule mkanda wa zamani sakafuni. Nilitaka niuweke chini ya kiti, wa dharura. Kwa macho yangu ulikuwa bado mkanda. Mzee alitoa kisu cha kukatia nyaya, akaukata katikati, vipande viwili. "Nikikuachia utaurudisha," akasema, "au utampa mwenzako." Kipande kimoja alikitupa kwenye pipa la vyuma. Kingine alikitundika kwenye msumari juu ya benchi, palipokuwa na vipande vingine sita au saba vya visiagi, mbavu zake zimetazama mlango.