Jibu Sahihi la Fundi wa Maabara

Makala iitwayo "Cool?", iliyochapwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ina waandishi wawili, na mimi humrudia zaidi wa kwanza. Erasto Mpemba anasimulia yaliyomkuta mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friji ikawa ya kugombania, naye akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, ambaye hakuyachemsha, bado yalikuwa uji.

Tumezoea kuisimulia kama hadithi ya kijana aliyewashinda walimu. Lakini mwalimu wa fizikia alipomwambia kwamba amechanganyikiwa, Mpemba anaandika kuwa alimwamini. Ni sentensi fupi, rahisi kuirukia, na ndiyo inayonisimamisha kila mara. Barafu ameiona kwa macho yake, na bado neno la mwalimu linatosha kuifuta. Hakuwa mjinga. Aliamini tunachofunzwa wengi: maarifa yako kwa mwalimu na kitabuni, na kilichotokea ndani ya friji lazima kiombe ruhusa huko. Aliyemrudisha kwenye swali lake ni rafiki yake wa Tanga, mtengeneza aiskrimu, aliyekuwa akiigandisha ikiwa ya moto ili iwahi. Huyo hakuhitaji nadharia. Alikuwa na wateja.

Akiwa Mkwawa, Iringa, darasa lilipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, Mpemba akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaidaka: kila akikosea hesabu, basi ni hisabati ya Mpemba. Ndipo akaingia maabara ya baiolojia na bika mbili, ya maji ya moto na ya maji ya bomba. Ya moto ikatoa barafu zaidi, naye anakiri kwamba hilo peke yake halitoshi, itabidi arudie. Hapo ameshabadilika. Haulizi tena amwamini nani.

Mwandishi wa pili, Denis Osborne, alikuwa mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Swali la Mpemba alikutana nalo alipotembelea Mkwawa, akampa fundi wake wa maabara alijaribu. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Wasomaji hucheka hapa. Mimi si sana, maana nimesoma na watu waliojaza jedwali la pendulamu kabla ya kufunga uzi, kwa kuwa jibu linajulikana: 9.8. Na alama walipata.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaoisimulia. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapa utafiti uliotilia shaka jambo lenyewe, wakionyesha kwamba hata kipimajoto kikikaa juu au chini kidogo tu kinaweza kuleta tofauti. Kama tunamheshimu Mpemba kwa kuwa alipatia, basi siku akionekana amekosea tutamrudisha kwenye kicheko cha darasa. Huko ni kusoma kwa macho ya yule fundi. Osborne anamtaja kwa ufupi, bila jina, kisha anahamia kwenye grafu. Mimi ningebaki naye pale maabara kidogo.