Thumb: Amri Fupi Zilizoiingiza ARM Kwenye Simu

Prosesa ya kwanza ya ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber katika kampuni ya Acorn mjini Cambridge na kukamilika mwaka 1985, ilikuwa na transista zipatazo 25,000 tu. Ilitumia umeme kidogo sana. Kwa mtengenezaji wa simu, sifa hizo zilitosha kuvutia. Kilichoitia shaka kampuni ya simu ya Nokia kilikuwa ukubwa wa programu.

Kila amri ya ARM ilichukua biti 32. Programu ya simu hukaa kwenye chipu ya kumbukumbu, na programu ikinenepa, bei ya simu nayo hupanda. Isitoshe, chipu za bei nafuu zilitoa biti 16 kwa mkupuo, hivyo prosesa ilibidi iende mara mbili kuchukua amri moja.

Jibu lilikuja mwaka 1994 na prosesa ya ARM7TDMI, ambamo herufi T husimamia Thumb. Wahandisi waliteua amri zinazotumika mara kwa mara wakaziandika upya kwa biti 16. Ili zienee, walibana: amri nyingi zilibakiwa na rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) 8 badala ya 16, na masharti ya utekelezaji, ambayo karibu kila amri ya ARM huyabeba, yakaachiwa amri za kuruka.

Ustadi wenyewe uko hapa: hawakujenga prosesa ya pili. Amri fupi ikifika hatua ya kufasiriwa, hutanuliwa kuwa amri ya kawaida ya biti 32, kisha mashine ileile huitekeleza. Kuhama kati ya hali ya amri za kawaida na hali ya Thumb ni kazi ya amri ya BX, inayosoma biti ya mwisho ya anwani.

Kazi moja sasa ilidai amri nyingi zaidi, lakini kwa kuwa kila moja ni nusu, programu ilipungua kwa takriban theluthi. Kwenye kumbukumbu ya biti 16, hata kasi iliongezeka. Nokia 6110, iliyotangazwa mwaka 1997, ikabeba ARM7TDMI.

Prosesa ya Cortex-M3 ya mwaka 2004, iliyolenga vifaa vidogo, inaelewa Thumb-2 peke yake, mchanganyiko wa amri za biti 16 na 32. Usanifu wa ARMv8 wa mwaka 2011, katika hali yake ya biti 64, umerudi kwenye amri ambazo zote ni za biti 32. Simu janja ina kumbukumbu tele. Kidhibiti cha mashine ya kufulia bado kinahesabu kila baiti.