Filamu Bubu na Sauti ya Kibarua

Mhakiki huzoea kuhukumu kazi iliyo mbele yake. Afanyeje basi iwapo kazi yenyewe imepotea?

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu zipatazo 35 kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Picha zilikuwa bubu. Maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yalitoka kwenye santuri. Zilionyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Zinazojulikana kubaki ni tatu tu, zilizohifadhiwa Uingereza. Nyingine, zikiwamo za visa vya kuigiza, zimepotea.

Hata hivyo, dhamira yake haikupotea. Notcutt aliwahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1926 aliona kwamba sinema ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike. Hapo ndipo penye kasoro ya maudhui na ya fani pia: kibarua anaonekana, lakini anayesema ni santuri, na santuri haijibiwi. Mwaka 1939 makuli wa Tanga na Mombasa waligoma wakidai maslahi yao. Madai yao ndiyo maneno ambayo santuri haikuyabeba.

Tulinganishe na vibanda vya video hapa Uganda. Mfasiri, yule aitwaye viijei, hueleza filamu ya kigeni papo hapo, akatia utani, akamsuta hata shujaa. Yeye naye huwatilia watu maneno kinywani, lakini ameketi pamoja na hadhira, nayo humcheka na kumbishia.

Ndugu walimu, jambo hili latuhusu. Darasani mwangu Mbarara alikuwamo mwanafunzi kutoka makazi ya Nakivale aliyekuja na Kiswahili cha Kongo. Nilimsahihisha kila sentensi mpaka akanyamaza muhula mzima. Kwa bidii yangu ya kufundisha usanifu, nilikuwa nimegeuka santuri.

Sasa hutoa zoezi hili: wanafunzi hutazama onyesho bubu la watu wakiwa kazini, kisha kila mmoja huandika maneno ya mfanyakazi kwa Kiswahili cha kwao. Tunasikiliza kwanza. Usanifu tunaujadili baadaye, yeye mwenyewe akiwamo katika mjadala. Wenzangu na walijaribu.