Milimita Moja ya Kebo

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia mlango unaofunguka kadiri dereva anavyokanyaga, na mvuto ulio nyuma ya mlango huo hupanda na kushuka kwa kufuata kazi. Giaboksi nyingi za otomatiki za zamani ziliutegemea mvuto huo kujua injini imebeba nini. Dizeli za wakati ule kwa kawaida hazina mlango kama huo. Zinavuta hewa bila kizuizi wakati wote, iwe gari limesimama sokoni au linapanda mlima na magunia ya mahindi nyuma. Giaboksi haina namna ya kujua mpaka iambiwe.

Mercedes waliiambia kwa hewa. Katika 300TD Turbodiesel iliyotoka 1980, injini ya silinda tano inaendesha pampu ndogo ya kunyonya hewa. Mvuto wake unapita kwenye vali iliyokaa kwenye pampu ya nozeli. Dereva akikanyaga, vali inaupunguza mvuto, na utando ulio ubavuni mwa giaboksi unaachia presha ya oili ipande ili klachi zishike kwa nguvu inayotakiwa. Pampu hiyohiyo ndiyo inayozima injini na, kwenye magari yenye kufuli za pamoja, kufunga milango. Basi raba iliyopasuka ndani ya mlango wa abiria yaweza kufanya gia ya pili iingie kwa kishindo. Fundi atakayeshusha giaboksi kabla ya kuukagua mlango atakuwa amekula wiki nzima na fedha za mtu bure.

Toyota waliiambia kwa waya. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 80, zilizoanza kuuzwa 1990 na injini ya 1HD-T ya silinda sita, lita 4.2 na turbo, kebo nyembamba inatoka kwenye mkono wa pampu ya nozeli na kuingia ndani ya giaboksi. Hizi ndizo unazokutana nazo Katanga, kusini mwa Kongo: zilitumika Japani, zikashushwa Dar es Salaam, zikakata Zambia, zikavuka Kasumbalesa, nyingine usukani bado uko kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Kebo ikilegea, gia zinapanda mapema na kwa ulaini unaomfurahisha mwenye gari, huku klachi zikiteleza na kuungua. Ikikazwa mno, gia zinachelewa na kupiga. Katika giaboksi za baadaye za gari hilihili, kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa kubadili, lakini presha bado inapangwa na waya.

Likasi, mji wa Katanga hiyohiyo, ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huu. Mji umeishi na mashine tangu enzi ulipoitwa Jadotville. Kiwanda cha shaba cha Shituru kilianza 1929, na karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines ziko mjini humohumo, mtaa wa Panda. Watu wa hapa wamezoea kuona chuma kikipimwa kabla ya kukatwa, na mazoea hayo hayakuishia ndani ya ua wa kampuni. Yamefika hadi chini ya miembe ya mtaa wa Kikula, kwenye gereji ambazo ukuta wake ni kontena na sakafu yake ni udongo mwekundu uliolowa oili.

Nilimkuta fundi mmoja huko, mtu mzima, akipokea Land Cruiser la kijana anayepeleka bidhaa Kolwezi.

“Papa, vitesi inapiga. Kaza ile kebo.”

“Ngoja kwanza tuone mafuta, mwanangu.”

Kilichofuata ndicho ninachokiheshimu kuliko yote katika kazi hii: utaratibu. Aliliendesha gari mpaka likapata moto, akaliegesha mahali tambarare, injini ikinguruma, akapitisha mkono wa gia kutoka P hadi L na kurudi, taratibu, akiipa kila nafasi muda wa kujaa. Hapo ndipo alipochomoa dipstiki na kuifuta kwenye kitambaa cheupe. Akanusa. Akaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta unga wa klachi. Ilikuwa nyekundu bado, na kiwango chake kilikuwa sawa. Kwa hiyo giaboksi ilielekea kuwa nzima, na kosa likatafutwa mahali pengine.

Hakugusa kebo. Alikwenda juu ya pampu ya nozeli, kwenye kifuniko cha duara chenye utando ndani. Kimpira chembamba hupeleka presha ya turbo pale. Turbo ikisukuma, utando unashuka na pampu inapata ruhusa ya kumwaga dizeli zaidi. Alikikunja kimpira kwa vidole, na ufa ukafunguka upande wa chini, pale macho yasipofika. Mambo yote yakajieleza. Turbo ilikuwa inasukuma hewa, pampu haina habari, gari halina nguvu, na Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi tayari. Kijana alikuwa akikanyaga hadi chini ili apate mwendo wa kawaida. Kebo, kwa uaminifu wake, ikaieleza giaboksi kwamba injini inabeba mzigo mkubwa kabisa. Giaboksi ikapandisha presha na kubadili gia kwa nguvu ambayo injini haikuwa nayo. Ilikuwa inatii habari isiyo ya kweli.

Kama angeikaza kebo alivyoombwa, kishindo kingezidi. Kama angeilegeza, kishindo kingepungua, kijana angelipa na kushukuru, na klachi zingeanza kuungua njiani.

Kimpira kipya kilipowekwa ndipo zamu ya kebo ikafika. Injini ikazimwa. Kijana akaambiwa akanyage pedali mpaka mwisho na asiachie. Fundi akahakikisha kwanza kwamba mkono wa pampu umegusa kikomo chake, maana pedali iliyozuiwa na zulia huharibu kipimo chote. Kwenye waya kuna kipande kidogo cha chuma kilichobanwa, na mbele yake mdomo wa raba. Pedali ikiwa chini, nafasi kati ya viwili hivyo inatakiwa iwe kati ya sifuri na milimita moja. Hapo palikuwa na karibu milimita tatu, zimejaa vumbi. Akausafisha mdomo wa raba, akalegeza nati mbili za kishikizo, akaisogeza hii nusu mzunguko na ile nusu mzunguko, akapima, akarudia. Ni kazi ya spana mbili na jicho, na hairuhusu haraka hata kidogo.

Majaribio yalifanyika barabarani, mlima uleule, mguu uleule, mara ya kwanza ukikanyaga kidogo, kisha nusu. Fundi alizima redio na kufunga madirisha. Alikuwa akisikiliza kitu kimoja: kati ya gia ya pili na ya tatu, je, mlio wa injini unashuka moja kwa moja, au unaruka juu kidogo kabla ya kushuka? Kuruka huko ni klachi isiyoshika, hata kama kiti hakikutikisika. Walirudi gereji mara moja, robo mzunguko, wakatoka tena.

Kijana alilalamika kwamba gia bado zinasikika zikiingia. Fundi akamwambia ndivyo zinavyotakiwa kuwa kwenye gari la umri huu, aende Kolwezi na kurudi, kisha alete gari oili inuswe tena. Akamtoza bei ya kimpira na kazi ya asubuhi moja.